Jiwe la volkeno lililotoboa paa langu Kisangani, na watu watatu walioapa kuwa nimelibeba kutoka Goma

Wakuu, heshima kwenu, wakubwa kwa wadogo.

Ninachoandika hapa kimenipata mimi mwenyewe, juu ya kitanda changu mwenyewe. Kama naongeza chumvi, paa langu litobolewe tena, na safari hii niwe nimelala. Mwenye kutaka majina atayapata. Sina sababu ya kuficha. Waliofanya ndio wajifiche.

Nisameheni Kiswahili. Nilifika la nne primaire, halafu mwalimu akakimbia vita, na sisi tukakimbia upande mwingine. Na huku kwetu Congo lugha tunaitwanga pamoja, Kifaransa ndani, Lingala ndani. Mtanielewa tu.

Kwanza mjue mimi ni mtu wa namna gani.

Mimi ni mtu wa Goma. Nilikuwa na nyumba yangu kule, nimeijenga mwenyewe, ubao kwa ubao. Mlima Nyiragongo ukatapika. Moto ulishuka polepole, kama mtu mwenye deni nawe ambaye hana haraka kwa sababu anajua unapokaa. Nilitoka na mke, godoro na redio. Redio ilikuwa mbovu. Mpaka leo mke wangu ananiuliza kwa nini redio.

Niliporudi kuangalia, kiwanja kilikuwa jiwe jeusi tupu, limeganda, limejaa matundu kama mkate. Sikuweza hata kujua mlango ulikuwa upande gani.

Basi nikamuuliza dereva mmoja wa lori, wapi katika nchi hii hakuna mlima. Akasema, nenda Kisangani, kule hata kichuguu watu wanakwenda kukitazama. Nikapanda lori lake na godoro langu.

Na kweli wakuu, Kisangani haina mlima. Ina mto, msitu, mchanga na udongo mwekundu. Jiwe jeusi lenye matundu hulioni. Lile ni la kwetu Goma, tunajengea ukuta, tunajengea choo, watoto wanaanguka juu yake wanachanika magoti. Huku watu wanatutania, ukitaka kumjua mtu wa Goma, mpekue mfuko, utakuta jiwe.

Kumbukeni huo utani. Ndio ulionihukumu.

Bon.

Hapa nafanya kazi ya kutengeneza baiskeli za toleka, zile za kubeba abiria, zenye mto laini nyuma. Pikipiki zimeziua, na mimi zinaniua polepole. Kwa hiyo nyumba inaendeshwa na mke wangu, Mama Zawadi. Anapika lituma, ndizi za kuchemsha na kutwanga, na pondu, yaani kisamvu, pembeni. Anauzia mbele ya parcelle, kiwanja chenye nyumba tuliyopanga, komini ya Mangobo. Watu wanakuja toka mbali. Mahali pale pakiondoka, sisi hatuna kitu. Si kwamba tutabaki na kidogo. Hatuna.

Sasa mhusika wa kwanza. Papa Bolamba, mwenye parcelle.

Huyu mzee alitaka tutoke. Mpwa wake alitaka kuweka duka la dawa palepale anapotwangia mke wangu. Lakini Bolamba hakuwa na sababu ya kututoa. Kodi tunalipa, kelele hatuna, kanisani tunaonekana. Alizunguka muda mrefu akitafuta sababu.

Sababu ikaanguka kutoka angani.

Ilikuwa Jumapili, watu wametoka misa, jua kali, mbingu haina hata kipande cha wingu. Mimi saa zile za Jumapili huwa nimelala kitandani na sahani yangu tumboni. Siku hiyo Mama Zawadi alinifukuza nje. Alisema nimemwagia shuka mchuzi mara nyingi, sasa basi, kula kama watu. Kwa hiyo mimi ni mzima leo kwa ajili ya shuka. Vijana mnaooa, yachukueni hayo muende nayo.

Mara mlio. Mkubwa. Ardhi ikatikisika chini ya kigoda.

Kisangani ni mji ambao uliwahi kunyeshewa mabomu. Mwili wa mtu mzima hapa haungoji kuambiwa. Avenue nzima, mtaa wetu wote, wenye umri wangu tulilala kifudifudi, mama na vikapu vyao, papa na suti zao za misa. Vijana walibaki wima wakishika simu juu. Ndivyo unavyojua nani alizaliwa lini.

Halafu nikasikia kitu kinapiga mluzi, na paa letu likalia kama mtu amelipiga sufuria.

Tuliingia. Bati limetoboka. Ubao wa kitanda umevunjika katikati. Na chini, kwenye sakafu ya udongo, kuna shimo, ndani ya shimo kuna jiwe. Ukubwa wa ngumi mbili. Jeusi, linang'aa kama kiatu cha askari siku ya bendera. Kona moja imemeguka, ndani ni kijivu kinachokwenda kwenye kijani, na matundu.

Nilipoona matundu nikakaa chini.

Wakuu, sijui niwaelezeje. Ni kama mtu aliyekuchomea nyumba, umemkimbia nchi nzima, halafu siku moja uko chumbani kwako anaingia, tena hakupiga hodi.

Mke wangu akasema, "Gusa kwanza, kama iko na moto."

Nikagusa. Lilikuwa vuguvugu tu, kama yai kuku akishainuka.

"Haiko na moto," nikamwambia.

"Basi toa pale. Na shuka yangu?"

Bolamba alifika kabla vumbi halijatulia. Hakuuliza kama kuna mtu ameumia. Alitazama paa, halafu akanitazama mimi, halafu paa tena.

"Papa Zawadi, nani alitoboa tôle yangu?"

"Papa Bolamba, ni jiwe. Ilianguka toka juu."

"Juu wapi?"

"Juu. Mbinguni."

"Mbinguni kuko nani anakujua weye?"

Watu mlangoni wakacheka. Akalichukua jiwe, akaligeuza, na nikaona uso wake unafunguka kama mtu amepewa barua ya mirathi. Akawaonyesha watu matundu.

"Hii jiwe ya Goma. Na huyu mutu wa Goma. Sasa anasema Mungu njo alirusha."

Akaniambia nimelibeba kutoka kwetu, nimelitupa juu ya paa lake au nimelipiga kwa ndani ili apunguze kodi. Kwa nini mtu atoboe paa juu ya kitanda chake mwenyewe msimu wa mvua, hilo hakuna aliyeuliza.

Tukapelekwa kwa mhusika wa pili, Chef Osumaka, mkuu wa avenue.

Huyu chef ana turubai mbele ya nyumba, chini yake anahukumu. Watu walijaa. Nikaeleza, mlio mliusikia wote, hata chef mwenyewe nilimwona amelala juu ya mtaro.

"Nilikuwa natafuta kiatu yangu," akasema. "Na ile ilikuwa radi."

"Chef, jua lilikuwa linawaka."

"Radi inakuombaka weye ruhusa?"

Halafu akatoa hoja yake kubwa. Naiandika kama alivyoisema, kwa sababu hata nikitaka kutunga siwezi. Alisema kitu chochote kinachotoka juu kutua Kisangani kinapita Bangboka, uwanja wa ndege. Amempigia mtu wake wa Bangboka. Mtu wake amesema leo hakuna kitu kilichotua. Donc, kisheria, hakuna kitu kilichotoka juu.

Watu wakatikisa vichwa. Ilikuwa na akili yake.

Mimi nikajitetea kwa mdomo mwepesi. Nikasema jiwe lilikuwa vuguvugu. Hapo nikajikata mguu mwenyewe. Mchungaji mmoja akasema kitu kikitoka mbinguni kinakuja na moto, Maandiko yanasema, sasa hili la vuguvugu limetoka wapi. Jikoni kwa mke wake.

Chef akasema, tumwite mjuzi.

Mjuzi ndiye mhusika wa tatu, na huyu ndiye anayeniuma zaidi. Tonton Kasereka. Ndugu yetu wa Kivu, ana duka kubwa la vifaa vya ujenzi, na ni rais wa mutualité, chama chetu cha watu wa Goma tunaoishi Kisangani. Tulimchagua kwa sababu viti vya mikutano ni vyake.

Nikafurahi alipokuja. Nikasema sasa amefika mtu wa nyumbani.

Kasereka alilishika jiwe kwa mikono miwili. Akalipima uzito. Akaligonga kwa ufunguo wa gari. Akaweka ulimi. Avenue nzima ikasogea karibu, hata mtwangio wa jirani ulisimama.

"Hii tumekanyaga," akasema. "Tangu mutoto nakanyaga hii kwa miguu. Nyiragongo. Mia kwa mia."

Wakuu, Kasereka ni mtu wa Butembo. Butembo hakuna volkeno, kuna udongo na ukungu. Goma alikuwa anapita kupakia mabati na misumari, na hakuwahi kushuka garini bila viatu. Lakini mimi nitasemaje mbele ya watu kwamba rais wa chama cha watu wa Goma si mtu wa Goma? Viti vilikuwa vyake.

Na duka la dawa la mpwa wa Bolamba lilihitaji mabati, rangi na saruji. Zitatoka wapi? Mimi sisemi kitu. Nauliza tu.

Kuna kijana akafungua simu, akasoma kwa sauti kwamba mawe ya angani yana chuma ndani, yanashika sumaku. Nikasema sawa, leteni sumaku. Nilikuwa na uhakika. Kasereka akatuma dukani, wakaleta sumaku ya spika mbovu. Wakaiweka juu ya jiwe.

Ikateleza ikaanguka.

Wakaweka tena. Ikaanguka.

Kicheko kilichopigwa pale, nadhani walikisikia ng'ambo ya mto.

Hukumu: jiwe ni mali ya mtu wa Goma, amelibeba mwenyewe, paa ametoboa mwenyewe. Atoke kwenye parcelle. Mama Zawadi akaomba, chef akatuonea huruma, akasema tukae mpaka mvua zipungue. Nikauliza na hilo tundu juu ya kitanda? Bolamba akajibu bila kunitazama.

"Tafuta kipande cha tôle, weka pale, halafu lalisha juu jiwe yako isipepee. Si uliileta ifanye kazi?"

Nikafanya hivyo hivyo. Nikafunika tundu kwa debe la mafuta nililolipasua, na juu yake nikaweka jiwe. Jiwe lililotoboa paa likawa linashikilia kiraka. Watoto wa avenue wakanipa jina, Papa Volcan. Mpaka wateja wa baiskeli, "Papa Volcan, breki yangu."

Nilikimbia volkeno, wakuu. Kilomita zote zile. Na sasa volkeno ndilo jina langu.

(Mkuu mmoja ameuliza hapo chini kwa nini sikupiga picha. Simu yangu ni ya tochi. Nawe ungeuliza kwanza kama nilikuwa na chakula.)

Tuendelee.

Mvua zikiwa katikati, akaja dada mmoja na pikipiki, buti zimejaa matope. Tulimwita Madame Faida. Anafundisha mambo ya mawe chuoni. Alikuwa anazunguka mtaa kwa mtaa akiuliza kuhusu ule mlio wa Jumapili. Kwa Chef Osumaka alijibiwa radi. Kwa Bolamba alijibiwa hajui Jumapili gani. Akachoka, akakaa kwenye benchi la mke wangu kula lituma.

Mke wangu hajui kunyamaza. Akamwambia, "Ile kelele yako iko juu ya nyumba yangu, inakamata debe."

Madame akainua kichwa, akaliona jiwe, akaacha kutafuna.

Nilipanda nikamshushia. Alikuwa na kioo kidogo cha kukuzia, akakiweka jichoni. Alikaa nalo muda mrefu mpaka pondu yake ikapoa. Nikamwambia kabla hajajisumbua: si la moto, sumaku halishiki, na lina matundu ya Goma. Yote matatu yamethibitishwa mbele ya watu.

Akasema, "Papa, kwani nani aliwaambia yote inashika sumaku?"

Nikasema simu.

Akaomba kipande, kile kidogo pale penye kona iliyomeguka. Akafunga ndani ya karatasi, akaniambia atakituma kwa wenye mashine, majibu yanachukua muda. Kabla ya kuondoka akaniuliza kama naweza kulitoa jiwe kwenye mvua. Nikamwambia nikilitoa, mvua inaingia kwangu. Akarudi kesho yake na kipande cha bati na tofali, jiwe nikalileta ndani. Huyo ndiye mtu pekee aliyewahi kunitengenezea paa.

Mvua zikapungua. Siku ya kutoka ikafika. Bolamba alikuja asubuhi na mpwa wake, mpwa ana futi, anapima mahali pa mke wangu. Mimi nilikuwa nafunga godoro juu ya toleka. Lile lile godoro. Mama Zawadi alikuwa anatwanga lituma ya mwisho, alisema wateja wa siku hiyo hawana kosa.

Pikipiki ya Madame Faida ikasimama.

"Papa Zawadi," akasema, "majibu yamerudi. Ni jiwe ya volcan."

Nikaanza kukaza kamba ya godoro. Bolamba akapiga makofi. Kasereka, ambaye alikuja kuona misumari yake itahitajika wapi, akasema, "Nilisema ao sikusema?"

"Ni ya volcan," Madame akaendelea, "lakini haiko ya dunia hii."

Nitaeleza nilivyoelewa mimi. Wasomi watanisahihisha.

Kuna mawe yanayoanguka toka angani, mengi yana chuma, hayo ndiyo yanashika sumaku. Lakini kuna aina chache sana, chache kabisa duniani, ambazo zilikuwa moto wa volkeno, zikatapika, zikaganda. Sumaku hazishiki vizuri kwa sababu chuma chao kilishazama chini huko kwao. Ngozi ile nyeusi inayong'aa ni kuungua kwa njiani, kwa juu tu, ndani baridi ya angani inabaki, ndiyo maana lilifika vuguvugu. Kila kitu walichonihukumia ndicho kilichokuwa ushahidi wangu.

Na umri wake, alisema, unapita mto, unapita msitu, unapita Nyiragongo na milima yote. Liliganda dunia yetu yenyewe ikiwa bado inakusanywa.

Nikamuuliza, sasa volkeno yake iko wapi?

Akasema hapo ndipo wanapogombana. Hakuna anayejua. Wengine wanasema ilikuwa sayari nzima, ikagongwa ikavunjika zamani sana, haipo tena. Wengine wanasema kuna kipande chake bado kinazunguka huko, hakijaonekana. Wamelinganisha na Mwezi, na Mirihi, na vingine, hapana, haifanani.

Mama Zawadi akasimamisha mtwangio. "Donc hamujui?"

Madame akamwonyesha sufuria ya pondu. "Mama, ikichemka ikamwagika, povu inakauka juu ya mafiga, hapana? Sisi tuko na ile povu. Sufuria njo hatujui iko wapi, ao kama iko bado."

Wakuu, mimi nimesikia mahubiri mengi. Sijawahi kusikia mtu ananieleza mimi mwenyewe namna ile, na hakuwa hata ananizungumzia mimi.

Lakini sikupata muda wa kulia. Kwa sababu alisema neno moja la hatari. Alisema jiwe hili ni adimu.

Bolamba aliacha kupiga makofi. Akaniwekea mkono begani, mara ya kwanza tangu tufahamiane.

"Papa Zawadi, ndugu yangu. Jiwe ilianguka juu ya tôle ya nani?"

Kasereka akasema pole pole, hata kama si la Goma ni la volcan, na mambo ya volcan yanapitia mutualité. Mpwa akakunja futi. Chef Osumaka sijui alipigiwa simu na nani, alifika amevaa kofia ya kazi, akasema vitu vyote vinavyotoka angani kwenye avenue yake ni vya avenue.

"Na Bangboka?" nikamuuliza.

"Bangboka banaweza kukosa kuona."

Wakaanza kuvutana. Mimi nilisimama na kamba ya godoro mkononi. Aliyesema ni Mama Zawadi, na mwiko ulikuwa mkononi.

"Chef, mimi sikusoma. Naomba unisaidie kitu kimoja tu. Hii jiwe, bwana yangu aliileta ao ilianguka?"

Chef akarekebisha kofia yake.

"Kama aliileta, ni yake, tunaenda nayo, mutuachie njia. Kama ilianguka, hakutoboa tôle ya mutu, na sisi hatutoki. Chagueni. Lituma inapoa."

Chef akamtazama Bolamba. Bolamba akalitazama jiwe. Mpwa akamvuta shati mjomba wake, "Tonton, duka," lakini mzee alikuwa ameshaondoka kwa mawazo, yuko Kinshasa tayari.

"Ilianguka," Bolamba akasema.

"Sema kwa sauti, Papa, wateja wangu wasikie."

"Ilianguka. Toka juu. Niliisikia mimi mwenyewe."

Chef akahukumu palepale, hata turubai hapakuwa. Jiwe lilianguka, hivyo ni la mwenye paa. Mpangaji hana kosa, akae. Mwenye paa atengeneze paa lake. Kasereka akaapa kwa mikono miwili kwamba alisema tangu mwanzo si jiwe la kawaida.

Nikafungua godoro.

Madame Faida aliwasihi. Alisema jiwe liwekwe mahali pa serikali lisomwe na watu, yeye atarudi na barua yenye muhuri. Chef akasema vizuri sana, bila muhuri hatuwezi kuongea. Madame akaenda kutafuta muhuri. Ninyi mnajua muhuri huku unavyotafutwa.

Bolamba hakungoja. Alilifunga jiwe ndani ya kitenge, akapanda baleinière, ile mashua kubwa ya mbao inayobeba abiria, akateremka mto kwenda Kinshasa kuwa tajiri.

Yaliyofuata nimeyapata kwa mama mmoja muuza samaki aliyekuwa ndani ya chombo kile, na Bolamba mwenyewe hajawahi kuyakanusha.

Hakuweza kunyamaza. Kabla ya kufika Isangi kila abiria alishajua yule papa amebeba kipande cha nyota. Kulikuwa na mfanyabiashara wa almasi, mwenye miwani, mwenye vifaa. Akaomba aone. Akatoa sumaku.

Ikateleza ikaanguka.

Akaweka tena. Ikaanguka.

Akayatazama matundu, akamrudishia. "Papa, walikudanganya. Hii ya Goma. Ndugu zangu kule banajengea choo."

Mama wa samaki anasema watu walicheka mpaka nahodha akadhani chombo kinapinduka. Walimcheka mpaka Isangi inaonekana. Mmoja akamwita Papa Volcan. Hapo mzee akasimama, akafungua kitenge, akalitupa mtoni. Kwa mkono wake. Halafu akakikunja kitenge vizuri, akakaa.

Madame Faida alirudi na muhuri na sanduku lenye pamba ndani. Nilimweleza mimi, kwa sababu wengine wote siku hiyo hawakuwepo nyumbani. Aliomba kuingia chumbani kwetu, akainama, akachota udongo kidogo kwenye lile shimo la sakafuni, akautia kwenye mfuko. Kipande alichonacho, anasema, ni kidogo kuliko haragwe, na mashine zimekikata tena.

Alikula lituma yake. Mke wangu hakuchukua pesa.

Sasa wakuu, nilichojifunza.

Mtu akikuuliza kitu kimetoka wapi, angalia kwanza mkono wake unaelekea wapi. Hawa watu hawakuwahi kutaka kujua jiwe limetoka wapi. Walipotaka parcelle lilitoka Goma. Walipotaka utajiri lilitoka mbinguni. Na mimi pia ni hivyo hivyo. Wakati wa kura mimi ni mwana wa Tshopo, mkoa huu wa Kisangani. Siku ya kesi mimi ni mtu wa Goma. Nikienda Goma, nyumba yangu iko chini ya jiwe, wananiuliza wewe ni wa wapi.

Angalau Madame alisema hajui. Ndiye msomi wa kwanza niliyemsikia akisema hivyo, na ndiye pekee niliyemwamini.

Sisi bado tuko palepale. Bolamba alibandika bati jipya, alinunua kwa Kasereka. Linavuja. Nilimwambia, akasema nitafute jiwe niweke juu.

Uwanja ni wenu. Wenye elimu ya mawe njooni mniambie kama sufuria ya lile povu imeshapatikana, nimfikishie Madame. Wavuvi wa Isangi, nyavu zikileta kitu cheusi kinachong'aa msikitupe.

Na wewe unayetaka kuandika hapo chini kwamba lilikuwa jiwe la Goma tu, andika, si kosa. Ila tuambie kwanza una mpango gani na mahali pa mke wangu.